Al-Hariri wa Basra, Bingwa Aliyekaukiwa na Wino

Ramadhani moja, na miaka mingi imekwisha kupita tangu hapo, nilitakiwa na kituo kimoja cha redio niandike vichekesho vya kusikizwa baada ya tarawehe. Walitaka profesa wa uongo, mwenye miwani mizito na maneno mazito kuliko miwani, awe akiwahoji watunzi mashuhuri waliokwisha kufa, kila usiku mtunzi mmoja. Shabaha yao ilikuwa kuwachekesha watu walioshiba futari na kuwafunza kidogo pasi na wao kujua kuwa wanafunzwa.

Mimi sikuhangaika kumtafuta profesa huyo. Nilikuwa nikimjua tangu utotoni. Mwalimu wangu wa nahau, Mungu amrehemu, alikuwa akitusomesha Mulhatul-Iirabi, na kila alipotuona macho yamelegea kwa joto la alasiri alikuwa akikifunga kitabu na kutusimulia visa vya Abu Zayd wa Saruj. Mzee mwenye kanzu iliyochakaa, mjuzi wa kila fani, mwenye ulimi wa kumtoa nyoka pangoni, lakini mwongo wa kupindukia. Leo khatibu, kesho mganga, keshokutwa kipofu anayeongozwa na kikongwe. Mwanachuoni huyo asiye na shahada ndiye niliyempeleka redioni. Akawahoji watunzi usiku baada ya usiku, na watu wakacheka, alhamdulillahi.

Mambo yalinigeukia usiku nilioupanga Abu Zayd amhoji mtunzi aliyemzaa yeye mwenyewe. Mtunzi huyo ni Abu Muhammad al-Qasim bin Ali al-Hariri, na ndiye nitakaye kumsimulia leo. Yaliyonifika mimi nitayamalizia baadaye, maana hayana uzito mbele ya yake.

Al-Hariri alizaliwa mwaka 446 wa Hijria, ambao ni 1054 kwa hesabu ya Kizungu. Asili ya jamaa zake ni al-Mashan, kijiji kilicho karibu na Basra, penye mitende mingi na hewa mbaya yenye maradhi. Jina la al-Hariri limetokana na hariri, ile nguo, kwa kuwa watu wa ukoo wake walikuwa wakiifanya au wakiiuza. Katika mji wa Basra alikaa mtaa wa Banu Haram, na hapo ndipo alipoishi na kufia.

Sisi watu wa pwani Basra si mji wa kuambiwa. Babu zetu walizila tende zake zilizoletwa na majahazi kwa pepo za kaskazi, na mpaka leo mtu mzima wa Mombasa au Lamu akiambiwa tende huuliza kama ni za Basra. Lakini Basra ya al-Hariri ilikuwa mji uliokwisha kupita ujana wake. Miaka karibu mia mbili kabla ya kuzaliwa kwake ilikumbwa na vita vya watumwa walioitwa Zanji, vita vilivyoanza 869 na kumalizika 883, na fahari yake ya zamani haikurudi kamwe. Kilichobakia ni elimu. Nahau ya Kiarabu ilipigwa msasa Basra, na watoto wa mji ule walikuwa wakigombana juu ya iirabu kama watoto wetu wanavyogombana juu ya mpira.

Humo ndimo alimosoma. Alikuwa mfuasi wa madhehebu ya Imamu Shafii kama sisi, na katika lugha akawa hana mfano wake. Kazi aliyoifanya serikalini iliitwa sahibul-khabar, yaani mwenye habari. Ilikuwa ni kazi ya kumpelekea mkubwa kule Baghdad taarifa za yote yanayotokea Basra, ya dhahiri na ya siri. Wenzangu wa gazetini watanisamehe, lakini kila ninapoisoma habari hiyo hujiambia kuwa al-Hariri alikuwa mwandishi wetu wa Basra. Kazi hiyo iliendelea mikononi mwa watu wa nyumba yake hata baada ya yeye kufa.

Wala hakuwa maskini. Inasimuliwa kwamba kule al-Mashan alikuwa na mitende elfu kumi na nane. Mwenye shamba la minazi mia mbili huku kwetu huitwa tajiri na watu humpisha njia. Basi mfikirie wa mitende 18,000. Nalitaja hili kwa sababu watu wengi hudhani kuwa aliyemwandika mwombaji hodari kuliko wote duniani hapana budi naye alikuwa mwombaji.

Mungu alimpa mali na ulimi, lakini sura hakumpa. Wasimulizi wote wameafikiana kuwa alikuwa mfupi, mbaya wa uso, na mwenye tabia ya kuzinyofoanyofoa ndevu zake kila anapofikiri. Siku moja alifika mgeni kutoka mbali, aliyekuja kwa ajili ya sifa zake ili asome kwake. Alipomwona alimdharau, na dharau ikaonekana usoni. Al-Hariri akanyamaza. Mgeni alipomwomba amwandikishe chochote, yeye akamwandikisha beti mbili zenye maana ya kuwa hakuwa yeye wa kwanza kudanganywa na alichokiona kwa mbali, na kwamba akajitafutie mwingine wa kumtazama, kwani huyu aliye mbele yake ni wa kusikiwa tu, si wa kuonwa. Mtu yule akaona haya akaenda zake. Ajabu ni kuwa mtu aliyejijua kuwa ni wa kusikiwa tu alizaliwa miaka mia nane kabla ya redio.

Sasa tumwendee Abu Zayd. Al-Hariri alikuwa ameketi msikitini kwao, Banu Haram, akaingia mzee mmoja amevaa nguo mbili kuukuu, vumbi la safari limemjaa, akatoa salamu, kisha akaanza kusema. Akasema kwa ufasaha uliowaacha watu vinywa wazi. Alidai kuwa anatoka Saruj, mji ulio kaskazini mwa Sham, uliotekwa na makafiri, na kwamba binti yake amechukuliwa mateka naye anaomba msaada wa kumkomboa. Saruj ilitekwa kweli na Wafaranja mwaka 1101, miaka miwili baada ya Baitul-Maqdis kuanguka. Kwa hivyo machozi ya mzee yalikuwa na mahali pa kusimama, na watu wakatoa.

Jioni ile al-Hariri aliwakaribisha nyumbani kwake baadhi ya wenzake wenye elimu, akawasimulia. Hapo kila mmoja akasema kuwa mzee huyo huyo alikuja msikitini kwake pia, kwa vazi jingine na kwa kisa kingine! Wote walikwisha kumpa. Wangekuwa watu wengine wangemtafuta mwizi huyo wamtie adabu. Al-Hariri usiku ule alichukua kalamu.

Alichokiandika ni maqama, ambayo ndiyo ya arubaini na nane katika mpango wa kitabu chake. Maqama maana yake ni kikao. Kwa Kiswahili chetu hatutakosea tukisema baraza. Ni kisa kifupi kilichoandikwa kwa nathari yenye vina, ndani yake mna mashairi, na hakikuanza naye. Alikianza Badi uz-Zaman wa Hamadhan, aliyekufa 398 Hijria, na al-Hariri mwenyewe alikiri fadhila za huyo aliyemtangulia. Maqama ile ikatembea mikononi mwa watu mpaka ikamfikia waziri wa khalifa. Wasimulizi wamehitilafiana ni waziri yupi, ama Anushirwan bin Khalid au Ibn Sadaqa. Aliyeisoma ikampendeza, akamtaka aongeze.

Nawaomba wasomaji wauangalie umri. Al-Hariri alikuwa anakaribia miaka hamsini. Katika umri ambao wenziwe walikuwa wakitengeneza wasia, yeye ndipo alipokutana na mtu atakayemchukua jina lake mpaka mwisho wa dunia.

Visa vyote ni hamsini, na mwendo wao ni mmoja. Msimulizi, aitwaye al-Harith bin Hammam, anafika katika mji fulani. Anakuta umati umemzunguka mtu asemaye. Watu wanatoa pesa. Msimulizi anamfuata mtu yule kwa nyuma, na anapomwangalia sawasawa, lo, ni Abu Zayd! Katika kisa cha kwanza, kule Sanaa, anawaidhi juu ya mauti mpaka watu wanalia. Kisha al-Harith anamfumania pangoni na mkate mweupe, mbuzi wa kuchoma na mtungi wa kileo. Kule Samarkand anasoma khutba ya Ijumaa ambayo tangu mwanzo hadi mwisho haina hata herufi moja yenye nukta. Aliyepitia chuoni ajaribu kuandika sentensi tatu za Kiarabu bila ya be, te, nuni wala ye katikati ya neno, kisha aje anieleze. Kule Hims ni mwalimu wa chuo, na kila mtoto anamtungia beti za kimuujiza, hizi hazina nukta, hizi zote zina nukta.

Lakini kisa kinachopendwa sana na watu wa elimu ni cha thelathini na mbili, ambamo Abu Zayd ni mufti na anajibu masuala mia moja ya fiqhi. Suala la kwanza: yuasemaje juu ya mtu aliyetawadha kisha akagusa mgongo wa kiatu chake? Mufti anajibu kuwa udhu umetanguka. Msikilizaji hushtuka, kiatu na udhu vina uhusiano gani? Kumbe lile neno la kiatu, naal, katika Kiarabu cha kale lina maana nyingine, nayo ni mke. Basi fatwa ni sahihi kabisa kwa madhehebu yetu, na mjinga ni yule aliyecheka. Masuala yote mia ni ya namna hiyo. Nikiwa na miaka kumi na minne nilimtega nalo imamu mmoja wa mtaani kwetu, nikapata kofi ambalo bado nalikumbuka.

Na sisi watu wa bahari tuna kisa chetu, cha thelathini na tisa, cha safari ya Oman. Abu Zayd anapanda chomboni kwa kudai kuwa anayo hirizi ya kuwalinda wasafiri. Hirizi haifui dafu; tufani inapiga, wanakimbilia kisiwani, na huko wanamkuta mkubwa wa kisiwa analia kwa kuwa mkewe amekwama katika uchungu wa uzazi. Abu Zayd anaandika azima kwa zafarani, anaifunga katika hariri, mwanamke anafungwa pajani, na mtoto anazaliwa salama. Anatukuzwa kama walii. Azima yenyewe imeandikwa nini? Ni mashairi ya kumwonya mtoto asitoke, kwa kuwa mahali alipo pana raha kuliko huku anakokuja.

Kisa hicho kilichorwa na Yahya al-Wasiti katika nakala aliyoimaliza mwezi wa Ramadhani 634 Hijria, yaani 1237, na ambayo imehifadhiwa Paris. Mimi nimeiona picha yake kitabuni. Ubavuni mwa chombo mbao zimeshonwa kwa kamba, kama ulivyokuwa ukishonwa mtepe wa Lamu kabla ya misumari kutushinda.

Sasa nafika penye uchungu.

Al-Hariri alipokwisha kuandika maqama arubaini alizichukua akaenda nazo Baghdad. Huko watu wa adabu hawakusadiki. Mtu mfupi, mbaya wa sura, karani wa Basra, mtu wa mitende, ndiye aliyeandika haya? Wakaeneza neno kwamba mwenye maqama hizo ni mtu mmoja wa Maghrib aliyefia Basra, na kwamba makaratasi yake yaliangukia mikononi mwa al-Hariri. Miongoni mwa waliomkanusha alikuwamo mshairi Ali bin Aflah.

Neno likafika kwa waziri. Waziri akamwita diwani, akamuuliza kazi yake ni nini. Al-Hariri akajibu kuwa ni mtu wa insha. Hapo waziri akamtajia jambo moja, akamtaka aandike barua juu yake, papo hapo. Akapewa wino na karatasi, akajitenga katika pembe ya diwani, akakaa. Akakaa sana. Watu wanamwangalia. Mkono ukapanda ndevuni, ukanyofoa, ukanyofoa tena, na juu ya karatasi hakukuonekana kitu. Mungu hakumfungulia hata neno moja. Mwisho aliinuka akatoka amejaa haya.

Ibn Aflah hakungoja. Alitunga beti mbili za kumcheka, na nyingine wanasema ni za mshairi mwingine, zenye kueleza kuwa mzee huyu hunyofoa ndevu zake kwa wazimu, na kwamba aliyemfungua ulimi kule al-Mashan ndiye aliyemfunga ububu ndani ya diwani. Beti hizo zilienea Baghdad nzima. Tunajua sisi washairi wa pwani jinsi beti mbili za kejeli zinavyotembea. Mchana zimetungwa Kuze, magharibi zinaimbwa Kisauni.

Wapo wanaosema kuwa mtunzi wa kweli hutunga popote. Hao hawajapata kutunga. Wako wenye kipaji cha papo kwa papo, wa kujibizana ngomani, na tumewaona. Na wako wenye kipaji cha usiku wa manane, mlango umefungwa na mshumaa unakaribia kuisha. Mwenye hiki hawezi kushtakiwa kwa kukosa kile. Al-Hariri alikuwa wa usiku wa manane. Khutba isiyo na nukta haitungwi mbele ya macho ya makarani.

Alirudi Basra. Hakujibu matusi kwa matusi. Alikaa akaandika maqama nyingine kumi, zikatimia hamsini, akazipeleka Baghdad, na akatoa udhuru kuwa siku ile alikamatwa na haiba ya diwani. Baada ya hapo mnong'ono wa yule mtu wa Maghrib ulikosa pa kusimama, maana maiti haongezi maqama kumi. Inasimuliwa kuwa katika uhai wake nakala 700 za kitabu chake zilisomwa mbele yake akaziidhinisha kwa mkono wake. Katika zama za kuandika kwa kalamu ya mwanzi hiyo si hesabu ndogo.

Aliandika na vingine. Mulha ya nahau nimekwisha kuitaja. Kiko pia kitabu cha Lulu ya Mzamiaji, cha kuwasahihisha wakubwa wanapokosea lugha, na nadhani hapo aliwalipa kidogo wale wa diwani. Maqama zenyewe zimefasiriwa kwa lugha nyingi, na mwaka 2020 zilitolewa tena kwa Kiingereza na Michael Cooperson, kila moja kwa mtindo wake mbali, kwa kuwa aliona haiwezekani kuzifasiri hivi hivi. Kwa Kiswahili mimi sijapata kuzisoma zote zilizofasiriwa, nami nimejaribu mbili nikatoka jasho.

Al-Hariri alifariki mwaka 516 wa Hijria, 1122, mtaani kwake Banu Haram, umri wake miaka sabini kwa hesabu ya mwezi.

Abu Zayd alimtangulia kupumzika. Katika kisa cha hamsini anasimama katika msikiti wa Basra, anawasifu watu wa mji, na kwa mara ya kwanza haombi pesa. Anaomba dua. Al-Harith anamshuku, kwani amekwisha kumfahamu. Lakini safari hii toba ilikuwa ya kweli. Alipokuja kumtafuta baadaye alimkuta Saruj, imekwisha kutoka mikononi mwa makafiri, amevaa mavazi ya mfanya ibada, anasali na kulia usiku kucha, na wakaagana.

Na redio? Usiku ule Abu Zayd wangu alipokuwa amhoji al-Hariri, kalamu ilinigomea kutwa nzima. Nilikwenda kituoni mikono mitupu nikidhani kuwa wataweka kasida. Mkubwa wa kipindi akaniambia niingie mwenyewe, nikae mbele ya kipaza sauti, niseme chochote kwa dakika tano, kwani mimi si ndiye mtunzi? Taa nyekundu ikawaka. Nikajikohoza. Sina ndevu nyingi, lakini nilizo nazo nilizishika. Walipoweka kasida nilisikia nyuma ya kioo mtu akimnong'onezea mwenziwe kuwa basi hata yale ya nyuma huenda si yangu.

Kipindi kiliendelea bila ya mimi mpaka mwandamo wa mwezi. Mazungumzo ya Abu Zayd na mtunzi wake niliyaandika mwishoni mwa mfungo mosi, usiku, watu wa nyumbani wamelala. Abu Zayd anamuuliza al-Hariri aliandika nini kwenye ile karatasi kabla ya kuinuka, naye al-Hariri anamjibu kuwa aliandika bismillahi.

Karatasi hizo bado ninazo kabatini.